Kwa rafiki yangu wa Kongwa, kuhusu kusakinisha PROJ

Nkuhungu,
Dodoma.

Mpendwa rafiki yangu,

Mbukwa! Barua yako niliipata Jumamosi, nami nimefurahi kusikia kwamba wazee hawajambo. Huku sisi tu wazima, ila vumbi limezidi hata feni ya kompyuta yangu imeanza kukoroma.

Umeniuliza namna ya kusakinisha maktaba huria ya PROJ, yaani msimbo ambao programu za ramani huutumia kubadili namba za mahali kutoka mfumo mmoja wa ramani hadi mwingine, katika kompyuta zenu tatu: ya Ubuntu, ya Mac na ya Windows. Kwa wapimaji wa Kongwa hilo ni jambo la lazima, kwa sababu mji wa Dodoma uko katika ukanda wa 36 wa UTM (mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda za nyuzi sita sita), ilhali ninyi mlio mashariki ya longitudo ya nyuzi 36 mmeangukia ukanda wa 37. Tena anayechukua namba za GPS na kuziweka juu ya ramani ya Arc 1960 (msingi wa zamani wa vipimo vya ramani za Afrika Mashariki) bila kuzibadili hukuta kiwanja kimehama karibu mita 300.

Kwenye Ubuntu, kama toleo lililomo kwenye hazina yake ya programu linawatosha, lichukueni hilo na msijisumbue. Mkihitaji toleo jipya, lijengeni kutoka kwenye msimbo chanzo kwa CMake (zana ya kuandaa ujenzi wa programu), kwani tangu toleo la 9.0 la mwaka 2022 ile njia ya zamani ya configure iliondolewa. Hakikisheni pia kwamba programu ya sqlite3 yenyewe imo, wala si faili zake za maktaba peke yake, kwa kuwa ndiyo inayotengeneza faili la proj.db, yaani hifadhidata ya mifumo ya ramani ya PROJ, wakati wa ujenzi. Mimi nilipoteza jioni nzima kwa kutolijua hilo. Mkishamaliza, endesheni amri ya ldconfig ili mfumo uitambue maktaba mpya, la sivyo mtaambiwa maktaba haipo nayo imekaa palepale ndani ya /usr/local.

Kwenye Mac tumieni kisakinishi cha Homebrew, mkikumbuka kwamba mashine zenye chipu ya Apple huweka vitu ndani ya /opt/homebrew, na zile za Intel ndani ya /usr/local. Kwenye Windows nisingejenga kwa mkono hata kidogo. Kisakinishi cha vcpkg kitawaletea PROJ pamoja na vyote inavyovitegemea.

Tatizo litakalowasumbua kuliko yote ni hilo faili la proj.db. Programu nyingi za ramani huja na PROJ yake, na baadhi huacha kigeu cha PROJ_LIB (mpangilio wa mfumo unaoiambia PROJ data yake iko wapi) kikielekeza kwenye folda yake, hivyo maktaba yenu mpya inasoma hifadhidata ya zamani na kulalamika kwamba imetoka kwenye usakinishaji mwingine. Ukiona lalamiko hilo usianze kujenga upya, kama nilivyofanya mimi mara mbili kwa ukaidi. Kiangalie kwanza kigeu hicho, ambacho tangu toleo la 9.1 kinaitwa PROJ_DATA.

Mwisho, chagueni bikoni moja (nguzo ya upimaji) ambayo namba zake za Arc 1960 mnazo, mpime kwa GPS, kisha mwiambie cs2cs, programu ndogo ya PROJ ya kubadili namba, itoe EPSG:4326 (namba za GPS) kwenda EPSG:21037 (Arc 1960, ukanda wa 37 kusini), mkitanguliza latitudo, mlinganishe na namba mlizo nazo. Fanyeni hivyo katika kompyuta zote tatu, na majibu uniletee utakapokuja mnadani.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako,
wa Nkuhungu