Vijana wenye usonji wasisahaulike mitandaoni

Ndugu Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu ya Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano na watu), Aprili 2. Imezungumzia watoto tu. Vijana waliomaliza shule hatuwasikii, ilhali wao ndio wanaohitaji kujifunza kupanda daladala, kupanga matumizi na kupokea simu ya mwajiri bila mama kusimama pembeni.

Naamini kundi dogo la WhatsApp lenye shangazi, kaka, mwalimu wa zamani na jirani mwaminifu lingewasaidia sana. Gari likibadili njia, kijana anaandika swali na kujibiwa na yeyote aliye karibu na simu. Wengi wenye usonji huona maandishi mepesi kuliko mazungumzo ya ana kwa ana: hakuna kulazimika kutazamana machoni, na ujumbe unasomeka tena na tena. Mama naye, ambaye leo anategemewa kwa kila kitu, atapumua.

Maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri wazifundishe familia kuanzisha makundi haya na kujilinda, maana matapeli wa mitandaoni hawana huruma. Kijana mwenyewe achague nani aingie, na picha zake zisisambazwe bila ridhaa yake.

Mzazi,
Morogoro