Kwenu wanangu mnaoshinda nyumbani na watoto

Wanangu,

Juzi nilikuwa Mbagala kwa binti yangu. Jirani yake, mama wa watoto watatu, alikuja kuazima beseni. Baada ya shikamoo nikamwuliza, "Mwanangu, unafanya kazi gani?" Akainama. "Sina kazi, mama. Niko tu nyumbani." Mikono yake ilikuwa bado ina povu la sabuni. Jibu hilo limeninyima usingizi, ndiyo maana nawaandikia.

Hiyo "niko tu" iondoeni midomoni. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, maana mahakama iliona mumewe alikwishampa fedha, naye Bi Hawa akazitumia vibaya. Lakini neno lilikuwa limeshatamkwa, na limewafaa wanawake wengi waliomfuata. Kama majaji waliiona kazi yenu, ninyi mnaificha kwa nini?

Sasa kazi yenyewe. Haiishi. Ukimaliza kudeki, mtoto anamwaga uji. Ukianua nguo, tenga limeshajaa nyingine. Mimi nililea watoto watano Temeke, maji yakitoka saa nane usiku na kukatika alfajiri, na kwa miaka mingi nilijiona mvivu kwa sababu sikuwahi kufika mwisho. Mwisho haukuwapo. Siku hizi nikiamka najiuliza: ipi ikilala leo itamdhuru mtu, na ipi ikilala itanitia haya tu mbele ya mgeni?

Nguo za kukunja zilale. Pazia lilale. Shuka haihitaji pasi. Maji ya kunywa, choo na vyombo vya mtoto mchanga, hivyo havilali.

Na pipa la maji. Hapa nisikilizeni vizuri. Mwaka 2014 homa ya dengue ilipoenea Dar es Salaam, mjukuu wangu aliugua nikiwa naye mimi. Sakafu yangu ilikuwa inang'aa, nyavu za madirisha zimefutwa vumbi, ila pipa la nyuma ya nyumba sikuwa nimelisugua kwa wiki nyingi. Mbu wa dengue huuma mchana na hupenda maji yaliyotulia kama yale tunayoyahifadhi kwa shida. Mayai yake hushika ukutani mwa chombo, yakakaa hata miezi pakiwa pakavu, yakisubiri maji. Kumwaga maji tu hakutoshi: sugua kuta kwa brashi kila wiki, kisha funika. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini zile siku alizolia kwamba macho yanamuuma sijazisahau, wala saa nilizozimaliza juu ya sakafu ile.

Sare za shule msizingoje Jumamosi. Shati na soksi zifuliwe jioni ileile mtoto anapozivua, hasa masika, maana kuanzia Machi hadi Mei mlima wa nguo mbichi haukauki. Maharage yaloweke usiku, yataiva mapema na mkaa utabaki. Mwenye kichanga, mtoto akilala mchana na wewe jilaze, hata vyombo vikiwa kwenye karai. Nasema hivi nikijua mama mkwe wako huenda akapita saa hiyo. Apite.

Jambo moja linaniuma. Wengi wenu mnamwita binti wa miaka saba aje aoshe sahani huku kaka yake wa miaka kumi akicheza mpira nje. Mimi nililea hivyo, na leo nina mtoto wa kiume mtu mzima ambaye mkewe akiugua, nyumba inalala njaa. Kosa ni langu. Nilimwambia hivyo mbele ya mkewe, nikamwomba mkwe wangu radhi.

Jumamosi narudi Mbagala. Pipa la binti yangu litasuguliwa, na atakayeshika brashi ni mjukuu wangu wa kiume wa miaka tisa. Nimeshamwambia yule jirani awalete na wanawe, waje na beseni.

Bibi yenu,
Temeke