Matokeo ya riadha yachapishwe pamoja na sababu za uamuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo limekuwa likibishaniwa hapa Mtwara tangu yamalizike mashindano ya dunia ya riadha yaliyofanyika Tokyo mwezi Septemba 2025, na ambalo magazeti yetu yangeweza kulitolea ufafanuzi zaidi ya yanavyofanya sasa. Hoja yangu ni kwamba mpenzi wa riadha anapopewa jina la mshindi bila kuelezwa uamuzi ulifikiwaje, hubaki na kitu kimoja tu cha kubishania, nacho ni mapenzi yake.

Nianze na mbio zilizotufurahisha kuliko zote. Marathoni ya wanaume ilikimbiwa tarehe 15 Septemba, usiku wa manane kwa saa zetu, kwa hiyo wengi wetu tuliamka tukakuta habari imeshaenea kwamba Alphonce Felix Simbu ametwaa dhahabu kwa muda wa saa 2:09:48, na kwamba Amanal Petros wa Ujerumani amekuwa wa pili kwa muda huohuo wa saa 2:09:48. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo, baada ya medali ya fedha ya Christopher Isegwe kule Helsinki mwaka 2005 na ya shaba aliyoipata Simbu mwenyewe London mwaka 2017. Shangwe zilikuwa kubwa, lakini jua halijazama mabishano yalikuwa yameanza kwenye vijiwe vya kahawa. Wapo waliosema kwamba kama muda ni mmoja basi dhahabu zilipaswa kuwa mbili. Wapo walioapa kuwa Mjerumani ndiye aliyetangulia, kwa sababu kwenye picha za simu kichwa chake kilionekana kuwa mbele. Waliomtetea Simbu nao hawakuwa na hoja zaidi ya kusema kwamba huyu ni wetu na ameshashinda, basi yaishe. Mzee mmoja akauliza swali ambalo halikupata jibu: "Jamani, hiyo picha waliyoamulia, nani kati yenu ameiona?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kamera inayoamua mshindi si ile ya televisheni. Ya televisheni hukaa pembeni na kuutazama mstari kwa mshazari, na ndiyo maana humdanganya mtazamaji. Kamera ya waamuzi huwekwa sawasawa na mstari wa kumalizia na haishughuliki na kitu kingine chochote uwanjani: hupiga ufito mwembamba wa mstari huo maelfu ya mara kwa sekunde, kisha vipande hivyo huunganishwa kuwa picha moja ambamo kila mkimbiaji anaonekana katika nukta aliyoufikia mstari. Halafu kuna kanuni, ambayo naamini wengi wa waliobishana hawajawahi kuisoma popote kwa Kiswahili, kwamba kinachohesabiwa ni kiwiliwili, yaani sehemu yoyote ya mwili isipokuwa kichwa, shingo, mikono na miguu. Mtu anaweza kutanguliza kichwa na vidole vyote kumi na bado akawa wa pili. Simbu alitanguliza kifua kwa tofauti ya sekunde 0.03.

Kuhusu muda kulingana, nako hakuna muujiza. Kwa mbio zinazokimbiwa nje ya uwanja, kama marathoni, muda husomwa kwa sehemu za mia za sekunde, kisha ukaongezwa hadi sekunde kamili inayofuata kabla ya kuandikwa kwenye matokeo. Kwa hiyo watu wawili waliopishana kwa sehemu tatu za mia wanaweza kuandikiwa muda uleule bila kuwa wamefika pamoja. Mistari miwili tu ya maelezo chini ya habari ya ushindi ingetosha kuwanyamazisha waliotaka dhahabu mbili. Naisema hivi bila kulaumu gazeti fulani, maana nilizosoma zote zilifanana katika hilo.

Mabishano makali zaidi, hata hivyo, yalihusu Letsile Tebogo wa Botswana. Siku moja kabla ya ushindi wa Simbu, kijana huyo, ambaye ni bingwa wa Olimpiki wa mita 200, aliondolewa kwenye fainali ya mita 100 kwa kuondoka kabla ya mlio wa bastola. Wiki moja baadaye, katika mchujo wa mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne kwa wanaume, Marekani na Kenya walizuiwa njia kwenye eneo la kupokezana, na waamuzi wakaamua timu hizo mbili zikimbie upya ili mshindi aingie fainali. Marekani ikashinda, ikaingia fainali na kutwaa medali ya fedha. Hapo ndipo rafiki zangu walipowaka. Walisema Mwafrika akikosea anafukuzwa palepale lakini Mmarekani akianguka anapewa nafasi ya pili, na kwamba hayo ni yaleyale tunayoyajua.

Naielewa hasira hiyo, na sioni haya kusema kwamba historia ya michezo imetupa sababu za kuwa nayo. Lakini katika kesi hizi mbili haina msingi, na inafaa tuseme hivyo waziwazi. Kosa la Tebogo lilikuwa lake mwenyewe, na tangu mwaka 2010 kanuni haina msamaha: anayetangulia mara moja anatoka, iwe ni chipukizi au ni Usain Bolt, ambaye alitolewa kwa kosa hilohilo katika fainali ya mita 100 kule Daegu mwaka 2011. Kabla ya 2003 kila mkimbiaji alikuwa na ruhusa ya kukosea mara moja, kisha ikawa mara moja kwa kundi zima, kisha ruhusa ikafutwa kabisa kwa mbio hizo fupi. Mimi binafsi naiona kanuni ya sasa kuwa kali kupita kiasi, lakini ukali wake ni kwa wote. Timu ya kupokezana vijiti iliyozuiwa na timu nyingine haikukosea, na kanuni zinampa mwamuzi mamlaka ya kuirudishia nafasi, nayo Kenya ilipata haki hiyohiyo siku ileile, ila ilishindwa kwenye marudio. Tena dhahabu ya fainali yenyewe ilikwenda Botswana, naye Tebogo alikuwa mmoja wa wakimbiaji wanne walioileta, nchi ya kwanza ya Afrika kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio hizo.

Anayedhani kwamba rufaa ni mali ya mataifa makubwa akumbuke Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Faith Kipyegon wa Kenya alimaliza wa pili katika mita 5,000, akaondolewa kwa madai ya kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia, Kenya ikakata rufaa, na usiku uleule akarudishiwa medali yake ya fedha. Sifan Hassan akarudi kwenye shaba, na Nadia Battocletti wa Italia, ambaye kwa muda mfupi alikuwa ameambiwa kwamba shaba ni yake, akabaki wa nne. Huyo dada wa Italia nilimwonea huruma sana. Yote hayo yalipitia mlango unaojulikana: malalamiko hupelekwa kwa mwamuzi mkuu ndani ya dakika 30 tangu matokeo yatangazwe rasmi, na asiyeridhika na jibu lake ana dakika 30 nyingine za kwenda kwenye jopo la rufaa.

Nayataja hayo kwa sababu huku kwetu mlango huo ni kama haupo. Mwaka 2021 Mtwara ilikuwa mwenyeji wa UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na ya sekondari, na vijana wetu walijionea mashindano ya kitaifa. Lakini katika mashindano madogo ya shule, ambako ndiko vipaji vinakoanzia, nimeshuhudia mita 200 za wasichana zikiamuliwa na watu waliosimama ndani ya njia, hatua kadhaa mbele ya mstari, huku chokaa ya mstari wenyewe ikiwa imefutwa na nyayo za mbio zilizotangulia. Msichana aliyeonekana na waliokuwa sambamba na mstari kuwa wa pili aliandikwa wa nne. Mwalimu wake alipokwenda mezani akajibiwa: "Mwalimu, matokeo yameshaandikwa." Wa kwanza na wa pili ndio waliokuwa wanakwenda ngazi inayofuata.

Hatuhitaji kamera ya Tokyo kwa hilo. Kanuni za dunia zinasema waamuzi wa kumalizia wakae sambamba na mstari, angalau mita tano kutoka ukingoni, mahali palipoinuka. Ngazi ya mbao ya fundi yeyote wa hapa Chikongola inatosha, pamoja na mfuko wa chokaa wa kuurudia mstari kila baada ya mbio. Mkulima wa korosho akifika ghalani haridhiki kutajiwa kilo. Anasogea ausome mzani mwenyewe, na hakuna anayemwona mkorofi. Mzazi na mwalimu wa riadha nao wapewe haki hiyo.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ninayo maombi mawili. La kwanza ni kwa waandaaji wa mashindano ya shule katika mikoa ya Mtwara na Lindi: matokeo ya kila mbio yasomwe kwa kipaza sauti na kubandikwa ubaoni yakiwa na saa yaliyotangazwa, na mwalimu aambiwe ana muda gani wa kulalamika na anamlalamikia nani. La pili ni kwako na wahariri wenzako: kila kunapotokea uamuzi wenye utata, chapisheni nani alilalamika, kanuni gani ilitumika na jopo lilijibu nini, na ikiwezekana picha ya kumalizia yenyewe, si ile ya mshindi akiwa amejifunika bendera pekee. Mashindano ya dunia yajayo yatafanyika Beijing mwezi Septemba 2027. Ukurasa mmoja wa kanuni za msingi kwa Kiswahili, uliochapishwa kabla ya mbio za kwanza, tutaukata na kuubandika kijiweni.

Mpenzi wa riadha,
Chikongola, Mtwara