Mtoto anayekataa mgagani hadeki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi na walezi wenzangu wa hapa Kigoma juu ya jambo linaloniuma sana: kuwachapa watoto kwa sababu ya mboga.

Jirani yangu hapa Ujiji analea mtoto wa dada yake, binti mdogo hata darasa la kwanza hajaanza. Sombe, yaani kisamvu, anakula. Dagaa wa mawese anakula mpaka analamba vidole. Mgagani ndio hauwezi. Juzi alisimamiwa na fimbo mpaka amalize. Akaubana shavuni, machozi yanamtiririka, mwisho akautapika wote mkekani. Akaambiwa ana kiburi, amezoeshwa chipsi.

Nimefundisha biolojia sekondari hadi kustaafu, na jambo hili tulilisoma darasani pamoja na habari za wanaoweza kukunja ulimi na wasioweza. Mwaka 1931 mkemia wa Marekani, Arthur Fox, alikuwa akimimina unga wa kemikali iitwayo PTC, ukatimka. Mwenzake akalalamika kuwa ni mchungu mno. Fox mwenyewe hakusikia uchungu wowote. Ikaja kujulikana kwamba tofauti hiyo mtu huirithi, na mwaka 2003 wanasayansi wakaitambua jeni inayohusika zaidi, TAS2R38. Sasa mgagani, kama kabichi, una kemikali za jamii ya glukosinoleti, na wenye jeni hiyo ya aina kali huweza kusikia uchungu wake kuliko wengine. Tena ulimi wa mtoto husikia uchungu kuliko wetu sisi watu wazima. Wewe unayesimama na fimbo na yeye aliyeshika tonge mnachota bakuli moja, lakini ladha mnazopata si moja.

Kutapika nako kuna madhara yake. Mwaka 1955 John Garcia na wenzake walionyesha kwamba panya waliokunywa maji yenye utamu wa sakarini huku wakipigwa mionzi inayowafanya waugue, waliyakwepa maji hayo baadaye. Hata mwanadamu akitapika chakula anaweza kukichukia miaka mingi. Kwa hiyo fimbo ile imemfundisha binti kuuchukia mgagani zaidi.

Hata wakubwa hatuwaachi. Bi harusi akisema dagaa hawampandi, mawifi wanamsema mtaa mzima: mtu wa Kigoma gani huyo?

Nawaomba wapishi: mgagani uchemsheni, mwageni maji ya kwanza, muunge kwa karanga au maziwa. Mtoto awekewe kidogo tu pembeni ya kile anachokipenda, asisemeshwe. Kesho kutwa tena. Wengi huzoea wakionja mara nyingi bila kutishwa. Asipozoea, soko la Mwanga lina mchicha na matembele, na sombe si anaila?

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma