Nilifungua kasha la babu ugenini, sasa nashindwa kumtazama Ami

Mshauri, assalaam alaykum. Wasomaji wenzangu nanyi nawasalimu.

Mimi ni binti wa miaka 24, mwenyeji wa Pangani, nipo mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Nasoma Kiswahili; chuo naomba nisikitaje. Mwishoni mwa mwezi ujao natakiwa nimjibu mtu aliyeko Ujerumani, na jibu lenyewe analo Ami yangu. Kwa Ami nako siwezi kupiga hodi kabla sijaungama jambo nililolifanya.

Marehemu babu yetu alikuwa akisomesha chuo cha Kurani hapo mtaani. Alipofariki aliacha kasha la mbao lenye kufuli. Ndani mna makaratasi aliyorithi kwa baba yake na mengine aliyoyaandika mwenyewe, yote Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kasha likakabidhiwa kwa Ami. Baba yangu alitangulia nikiwa darasa la tatu, na aliyenilea na kunisomesha ni huyo huyo Ami. Kila mwaka kabla ya Ramadhani hulifungua, akayatoa makaratasi, akayaanika kivulini juu ya mkeka, akayapangusa, akayarudisha na kufunga. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa namsaidia. Akaenda kuswali alasiri, nikabaki peke yangu. Nikatoa simu nikapiga picha kurasa 11. Wallahi sikuwa na nia yoyote, nilipendezwa na mwandiko tu.

Mwaka uliofuata nikapata nafasi ya kusoma muhula mmoja Hamburg, Ujerumani, Oktoba hadi Februari. Kuhusu baridi nilikuwa nimeonywa na koti nilikwenda nalo. Sikuonywa kuhusu giza. Disemba kule saa mbili asubuhi bado ni usiku, na saa kumi jioni jua limekwishazama. Unakwenda darasani kwa taa na kurudi kwa taa. Chumba changu kilikuwa na dirisha linalotazama ukuta, jiko tunashirikiana watu sita, na kila mtu amekwishaandika jina lake kwenye maziwa yake. Wiki za mwanzo nilikuwa nampigia Ami kila baada ya Isha, ananiuliza nimekula nini, namdanganya. Hayo yalipita.

Ambayo hayajapita ni ya semina moja. Tulikuwa wanafunzi wanane tumezunguka meza, na mwalimu wetu, mama wa Kijerumani, akatugawia nakala ya utenzi wa Lamu kwa herufi za Kiarabu, akaanza kuusoma kwa sauti. Mimi niliyehitimu Kurani nikiwa na miaka 11 nilishindwa kumfuata. Herufi za Kiarabu hazina p, hazina v, hazina ch, kwa hiyo waandishi wa zamani walishika herufi ya jirani. Tena alama za irabu hazitoshi: kasra, alama ya chini, ni i na ni e; dhuma, alama ya juu, ni u na ni o. Neno "pete" na neno "biti" yanaweza kuandikwa sawasawa kabisa. Huwezi kulisoma neno mpaka uwe unalijua, na yule mama alikuwa anayajua. Nilirudi chumbani nikalia, kwa kuwa nyumbani nilikwishasoma Kiswahili miaka miwili na nusu, fonolojia, sintaksia, riwaya na tamthilia, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu mna maandishi gani. Wala mimi sikumuuliza Ami.

Basi nikaishika kazi hiyo kwa mikono miwili. Nikamjua Muhamadi Kijuma wa Lamu, fundi wa kuchonga na mshairi, aliyekuwa akiwanakilia Wazungu tenzi kwa mwandiko mzuri mno hadi alipofariki mwaka 1945. Miongoni mwa Wazungu hao alikuwamo Ernst Dammann, Mjerumani mtafiti wa lugha, aliyefika Lamu mwaka 1936. Mwalimu hakutuficha kwamba huyo Dammann alikuwa mwanachama wa chama cha Hitler. Alisema lazima tujue karatasi zilipitia mikononi mwa nani.

Mwezi Januari ikawa zamu yangu kuwasilisha. Nikaweka ukutani zile kurasa 11 za babu. Nilipomaliza, wenzangu wakaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole, na mimi nikadhani nimekosea. Kumbe chuoni kule ndiyo makofi. Mwalimu akanijia taratibu, akaniuliza kama ziko nyingine. Nikamwambia liko kasha zima. Akauliza, "Familia itakubali zipigwe picha zote?"

Nikajibu, "Watakubali."

Nimelirudia neno hilo usiku mwingi. Nani alinituma niseme "watakubali"? Nilikuwa nimeonekana, Mshauri. Miezi mitatu kule nilikuwa binti wa Kiafrika anayekaa kimya darasani, na siku ile nikawa mjukuu wa mwandishi. Wenzangu wakaniomba zile slaidi, nikawatumia wote kwa barua pepe usiku ule ule.

Februari, mitihani imekwisha, nikakaa chumbani kuzisoma kurasa zangu moja moja, sasa nikiwa nimepata ujuzi. Darasani tulisoma mbili za kwanza tu, beti za dua. Ukurasa wa saba haukuwa shairi. Lilikuwa shauri ambalo mwanamke mmoja alimletea babu, kuhusu mumewe na jambo la chumbani kwao. Jina lake limo, na jina la baba yake, na mtaa. Mjukuu wa mama huyo namjua. Anauza vitumbua karibu na kivuko cha Bweni, na nikipita hunitilia kimoja cha bure. Siri ya bibi yake niliitundika ukutani Hamburg kabla sijajua kuisoma, na sasa imo katika kompyuta za watu wanane.

Nikarudi nyumbani. Nilimwachia Ami siku tatu, kisha nikamweleza kwamba kule wako watu wanaohifadhi miswada, na kwamba wangependa kusaidia. Hakukasirika. Aliweka kikombe chini, akaniuliza, "Mwanangu, aliyemnyonga Abushiri hapa Pangani alikuwa Mdachi au si Mdachi?" Abushiri ndiye aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wadachi, yaani Wajerumani. Nikasema alikuwa Mdachi, Disemba 1889. Na zaidi ya hilo nilikuwa nalijua, kwa kuwa Hamburg nilionyeshwa mahali iliposimama sanamu ya Wissmann, mkuu wa jeshi lililomnyonga. Waliileta kutoka Dar es Salaam wakaisimamisha mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968 na isirudishwe tena. Nilitamani nimwambie Ami kwamba watoto wao wenyewe ndio waliomwangusha. Nikanyamaza, maana Ami alikuwa bado anasema.

Akasema, "Hilo la Mdachi ni dogo. Watu walikuja kwa baba yangu na talaka zao, madeni yao, maradhi yao. Aliandika apate kuwatafutia dawa na kuwaombea. Hawakumpa maneno yao ili yasafiri. Siri ya mtungi aijuaye kata." Mimi niliyekaa mbele yake ndiye niliyekwisha kuyasafirisha. Nikatazama mkeka. Sikusema, na kila siku ninayochelewa kusema, kosa la simu linazidi kuwa kosa la ulimi.

Ingekuwa makaratasi yako salama ningekaa kimya nikaombea yaishe. Hayako salama. Mchwa wameingia upande mmoja wa kasha, na masika iliyopita bati lilivuja juu yake. Makaratasi ya chini yameshikana kama chapati zilizolala. Mwalimu wa Hamburg ameniandikia kwa upole: ipo programu inayoweza kuleta kamera na mtu wa kutufundisha sisi wenyewe kupiga picha, karatasi zisitoke nyumbani, na chochote kisiwekwe hadharani bila idhini ya familia. Anachotaka ni barua yenye saini ya mwenye kasha. Kaka yangu aliposikia akasema niwaulize kwanza wanatoa shilingi ngapi, mkono mtupu haulambwi. Hilo lilinichoma, lakini sina ujasiri wa kumkemea. Mimi nimekwishatoa bure kisichokuwa changu.

Nimefikiria pia Dar es Salaam. Maktaba ya Chuo Kikuu inayo miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na mtaalamu wa Kiswahili J.W.T. Allen, na katalogi yake ilitoka mwaka 1970. Labda Ami atalegea akisikia ni hapa hapa nchini. Lakini la ukurasa wa saba litakuwa pale pale, maana mjukuu wa mtu anaweza kusoma Dar kwa urahisi kuliko Hamburg.

Kwa hiyo naomba ushauri wenu. Nimwambie Ami yote, picha, slaidi na jina la yule mama, nikijua kwamba baada ya hapo huenda kasha lisifunguliwe tena na mtu yeyote mpaka liishe? Au kwanza niwaandikie mwalimu na wenzangu saba wazifute zile picha, ndipo niende kwa Ami nikiwa nimekwisha kurekebisha kinachorekebishika? Naogopa njia hii ya pili ni kumficha mara ya pili. Na yule dada wa vitumbua, ana haki ya kuambiwa? Nikimwambia nitakuwa nimemfunulia siri ambayo bibi yake alikwenda nayo kaburini. Nisipomwambia, nitakuwa nakila kitumbua chake nikijua.

Asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya kizamani, au kwamba picha 11 si kitu. Napenda nishauriwe na mtu aliyewahi kukaa na wazee, na hasa aliyewahi kwenda ng'ambo akarudi na jambo ambalo wa nyumbani hawalijui.

Jana Ami amenipigia. Mvua zimekatika, anataka kuyatoa makaratasi yapate hewa, na macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Ameniomba nije Ijumaa baada ya swala nimsaidie kuanika. Nimemwambia nitakuja.

Binti wa Pangani