Msiusingizie moto peke yake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vichekesho vya enzi ya sinema bubu inasomeka vizuri, ila imeubebesha moto lawama ambazo si zake zote. Msomaji anabaki akiamini kuwa kazi za wachekeshaji Charlie Chaplin, Harold Lloyd na wenzao zilipotea kwa sababu mikanda ya nitrati, plastiki iliyotumika kutengenezea filamu za wakati ule, huwaka. Kuwaka inawaka. Lakini nyingi ziliuawa na wenyewe, yaani studio na watengenezaji waliozimiliki, baada ya kupiga hesabu ya gharama.

Kwanza ile asilimia 70 ya filamu bubu mliyoandika kuwa imepotea. Imetokana na utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013. Zilihesabiwa filamu ndefu za Marekani 10,919 zilizotoka kati ya 1912 na 1929, zikakutwa 1,575 tu, asilimia 14, ambazo zipo kamili katika umbo lake la awali la mkanda wenye upana wa milimita 35. Filamu fupi hazimo humo kabisa, na vichekesho vingi vya wakati ule vilikuwa vifupi: rili (gurudumu la mkanda) moja au mbili, kila rili futi 1,000, dakika 11 hadi 16 kutegemea kasi ya projekta. Kuibandika asilimia hiyo kwenye vichekesho ni kuchanganya mambo.

Kopi ya filamu ilizungushwa mji hadi mji mpaka matundu ya pembeni yakachanika na picha ikajaa mikwaruzo. Ikirudi, ilivunjwavunjwa ili kuvuna madini ya fedha yaliyomo kwenye picha. Negativu (mikanda mama ya kutolea kopi) za Keystone, studio alikoanzia Chaplin mwaka 1914, zilitumika kutoa kopi tena na tena, filamu zikauzwa upya kwa majina mengine. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu bubu hazikuwa na mnunuzi, ilhali ghala na bima viliendelea kudai malipo. Studio ya Universal iliangamiza kwa makusudi negativu zake za enzi hiyo mwaka 1948. Huko Ufaransa, mtengenezaji filamu Georges Méliès alichoma zake kwa mikono yake mwaka 1923.

Na hata mioto yenyewe haikuzuka hivi hivi. Ghala la studio ya Fox lililoungua Little Ferry, New Jersey, tarehe 9 Julai 1937, liliungua katikati ya wimbi la joto, huku mikanda iliyoanza kuoza ikitoa gesi ndani ya vyumba visivyopitisha hewa vya kutosha. Harold Lloyd naye alipoteza filamu zake nyingi za mwanzo moto ulipozuka kwenye ghala la nyumbani kwake mwaka 1943.

Kuoza kwa nitrati kunafuata hatua zinazoonekana kwa macho. Picha hufifia na mkanda huwa wa rangi ya kahawia nyepesi. Kisha utando wa picha unanata, mizunguko inashikana. Yanatokea mapovu na harufu kali inayowasha pua, halafu rili nzima inakuwa bonge moja, na mwisho kopo linabaki na unga wa kahawia. Gesi inayotoka ikikutana na unyevu inakuwa asidi, na asidi hiyo inaharakisha kuoza. Ndiyo maana kulifunga kopo kwa utepe au kulitia kwenye mfuko wa plastiki ni kuliongezea ugonjwa. Katika hatua mbili za mwanzo filamu bado inaweza kunakiliwa. Zaidi ya hapo, fundi anaokoa vipande tu.

Makala haikugusa kabisa mikanda midogo, na vichekesho vingi vilisalimika humo. Kampuni ya Pathé ilileta mkanda wa milimita 9.5 mwaka 1922, Kodak wa milimita 16 mwaka uliofuata, yote kwa asetati, plastiki isiyolipuka, kwa ajili ya kuonyesha nyumbani. Filamu ya Keystone ambamo Chaplin anapita kwa muda mfupi akiwa polisi, iliyotangazwa kupatikana mwaka 2010, ilikuwa kopi ya milimita 16 iliyonunuliwa kwenye mauzo ya vitu vya kale Michigan. Rili ya pili ya ile filamu ya vita ya pai za krimu ya wachekeshaji Laurel na Hardy ya 1927 ilijitokeza 2015, nayo ni milimita 16.

Ila mkanda usiowaka si kinga peke yake. Mradi wa filamu za elimu uliofanyika Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937 ulitumia milimita 16. Zilitengenezwa filamu 35. Zinazojulikana kubaki ni tatu. Hakuna moto wa kusingizia hapo. Kopi zilikuwa chache na hazikuwa na mtunzaji.

Kwa msomaji mwenye makopo ya zamani stoo: pima upana kwanza. Milimita 8, 9.5 na 16 kwa kawaida si nitrati. Adui wake ni harufu ya siki, dalili kuwa asetati inaoza. Ikiwa ni 35, soma ukingo. Neno “SAFETY” kwa herufi nyeusi juu ya ukingo angavu ni la mkanda wenyewe. Likiwa angavu juu ya weusi, limenakiliwa kutoka kwenye negativu na halithibitishi kitu. Usijaribu kwa kiberiti, hata kwa kipande kidogo: nitrati hujitengenezea oksijeni yake, maji hayaizimi. Usiipitishe kwenye projekta. Iondoe chini ya bati, maana nitrati iliyooza inaweza kujiwasha kwenye joto la nyuzi 41 likidumu, na dari zetu saa nane mchana zinapita hapo.

Usiitume kwa posta wala kwa ndege kama kifurushi cha kawaida. Ni bidhaa hatari kisheria. Piga picha za kopo, fremu chache zenye maandishi na ukingo wake, uzitume kwanza kwenye taasisi ya kuhifadhi filamu. Kwenye mikanda ya Kodak, vialama vya duara, mraba na pembetatu pembeni hutaja mwaka mkanda ulipotengenezwa, na kwa kuwa vinarudiwa kila baada ya miaka 20, mtaalamu atahitaji pia sura za waigizaji ili ajue ni wa 1916 au wa 1936.

Mtunza kumbukumbu za filamu,
Dar es Salaam