Safari ya Busara: someni hadi mwisho

Habari za jioni wanakikundi. Mliolipia Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, tunaondoka Dar kwa boti ya asubuhi. Kitambulisho kiwe mkononi, si chini ya begi chini ya khanga; foleni ya bandarini haimsubiri mtu anayepekua.

Muziki Ngome Kongwe huanza jioni na kuvuka saa sita usiku. Najua wengi mnataka kuingia saa tatu, wakipanda wenye majina. Mimi nasema tuwahi. Busara ni laivu tupu, hakuna kuimba juu ya santuri, kwa hiyo hata yule msiyemjua mtamsikia anavyokaza nyuzi za gambusi kabla ya kuanza. Na mapema mnapata pa kukaa kwenye ngazi za mawe!

Chakula, Forodhani ni kuvuka barabara tu. Urojo sawa, ila pweza ulizeni bei kwanza.

Dada na kaka zangu, mchana vichochoroni tujisitiri mabega na magoti, Mji Mkongwe watu wanaishi.

Ambao hamjamalizia pesa ya chumba, mwisho Jumatano. Mama mwenye nyumba kashanipigia mara mbili.